Kati ya shamba na chupa: bangi iliyokaushwa na swali lililowatesa wanakemia miaka 125

Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili niliharibu sampuli 36 za mchaichai kwa siku moja. Zilikuwa zimekatwa asubuhi, zimepimwa, zimeandikwa lebo vizuri, nikazitia kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi joto 105, kama nilivyokuwa nimefundishwa kupima maji kwenye udongo. Zilitoka zimekauka kweli kweli. Nilipokuja kukamua mafuta yake, hakukuwa na mafuta ya kukamua. Harufu yote ilikuwa imeshapotelea hewani, na nadhani waliofaidi ni wenzangu wa chumba cha jirani. Msimamizi wangu hakugomba. Aliuliza tu: "Sasa wewe umechunguza mchaichai, au umechunguza oveni?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo, na ndilo lililonifikisha kwenye historia ya mmea ambao sikutegemea kuusoma: bangi. Niseme mapema ili tusije tukagombana. Tanzania na Kenya kulima bangi, kuikausha, kukaa nayo au kuivuta ni kosa la jinai, na makala hii haimfundishi mtu kufanya lolote kati ya hayo. Ni historia. Ila ni historia ya kipande ambacho vitabu vya kemia hukipita mbio mbio, yaani kile kinachoupata mmea baada ya kukatwa: kuchambuliwa majani, kuanikwa, kukandamizwa, kulazwa ghalani. Kwa bangi, kipande hicho kiliwachanganya madaktari na wanakemia kuanzia mwaka 1839 hadi 1964.

Daktari aliyeanzia sokoni

William Brooke O'Shaughnessy alizaliwa Limerick, Ireland, mwaka 1809, akafika India 1833 akiwa daktari wa Kampuni ya East India. Akawa mwalimu wa kemia kwenye Chuo cha Tiba cha Calcutta, jiji ambalo leo ni Kolkata. Alikuwa mtu asiyetulia sehemu moja. Baadaye alihamia kwenye umeme, akajenga mtandao wa telegrafu wa India, na mwaka 1856 akapewa cheo cha Sir. Lakini mwaka 1839 alikuwa bado daktari, na aliwasomea wanataaluma wenzake wa Calcutta ripoti ya majaribio yake juu ya mmea ambao watu wa Bengal walikuwa wakiutumia karne na karne. Aliujaribu kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wa baridi yabisi, kipindupindu, pepopunda na degedege la watoto.

Kinachonivutia mimi ni kwamba alianza kwa kwenda sokoni na kuuliza watu wanauza nini. Akakuta bidhaa tatu tofauti. Ya kwanza ni bhang, majani makubwa yasiyo na vijiti, ya bei ya chini. Ya pili ni ganja: mimea iliyochanua, ikakaushwa bila kuondolewa utomvu wake, ikafungwa mafungu ya mimea 24, kila fungu na urefu wa futi 2 na unene wa inchi 3 hivi. Ya tatu ni charas, utomvu wenyewe. Huo aliambiwa hukusanywa na watu wanaovaa nguo za ngozi na kukimbia katikati ya mimea mpaka utomvu ugande kwenye ngozi, kisha unakwanguliwa na kufinyangwa. Akaongeza kwamba huko Nepal hata hiyo nguo ya ngozi waliiacha, utomvu ukagandia miili ya vibarua wenyewe.

Hapa tusimame kidogo, maana neno letu linahusika. "Bangi" ya Kiswahili ni hiyo hiyo bhang, iliyosafiri kwa njia za biashara za Bahari ya Hindi. Garcia de Orta, daktari Mreno aliyekaa Goa, aliiandika "bangue" mwaka 1563. João dos Santos, padri Mreno aliyeishi pande za Sofala, alilitumia neno hilo hilo mwaka 1609 kwa mmea ambao watu wa kusini mashariki mwa Afrika walikuwa wakila majani yake. Lakini kwa Wahindi wenyewe bhang haikuwa mmea mzima. Ilikuwa majina ya majani, daraja la chini kabisa. Yaani sisi tulichukua jina la daraja moja la bidhaa iliyochambuliwa na kukaushwa kwa namna fulani, tukauvika mmea wote.

Chupa ya London

O'Shaughnessy alirudi Uingereza mapema miaka ya 1840 akiwa na shehena ya ganja, na mfamasia Peter Squire wa Oxford Street akaanza kuitengenezea dawa. Matangazo yalikuwa makubwa. Matokeo yalikuwa fujo. Kipimo kilichomlaza mtu Calcutta kilionekana kama maji matupu London, na daktari mwenyewe alikiri kwamba huko Ulaya walihitaji kipimo kikubwa mara nyingi zaidi. Halafu inakuja chupa nyingine, kutoka shehena nyingine, mgonjwa anapewa kipimo kile kile alichozoea, na siku hiyo anaamini anakufa.

Wakatafuta maelezo. Labda hali ya hewa. Labda wafanyabiashara wanachakachua. Wengine walifikia kusema kwamba miili ya Wazungu na ya Wahindi inatofautiana, maelezo ambayo karne ile yalikuwa yanapatikana kwa urahisi mno. J. Russell Reynolds, mmoja wa madaktari wa Malkia Victoria, aliandika mwaka 1890 kwamba ameitumia dawa hiyo kwa miaka 30 na anaiamini, ila akaonya kwamba nguvu yake haitabiriki, kwa hiyo daktari aanze na tone dogo kabisa. (Ile hadithi ya mitandaoni kwamba Malkia mwenyewe aliitumia haina ushahidi. Tuiache hapo.) Marekani walifika mahali pa kupima kila shehena kwa mbwa: mbwa anapewa dawa, anaangaliwa kama anayumba. Akiyumba, dawa ni nzima.

Dawa isiyopimika haidumu kwenye orodha za serikali. Bangi iliondolewa kwenye orodha rasmi ya dawa ya Uingereza mwaka 1932, na ya Marekani mwaka 1942. Siasa zilikuwepo, tena nyingi, hasa Marekani. Lakini hata mfamasia asiye na siasa alikuwa na haki ya kuuliza: nitamwandikiaje mtu kitu ambacho wiki hii ni maji na wiki ijayo ni moto?

Miguu ya Naogaon

Sasa turudi shambani, maana jibu kubwa lilikuwa huko.

Ganja bora ya Bengal ilitoka eneo moja tu, Naogaon na vijiji vilivyoizunguka, kaskazini magharibi mwa Bangladesh ya leo. Serikali ya kikoloni iliruhusu kilimo hapo kwa leseni, ikatoza ushuru kila kilo, na kwa sababu ya ushuru ikaandika kila kitu. Kisha mwaka 1893, baada ya kelele bungeni London kutoka kwa wapinzani wa ulevi, ikaundwa Tume ya Dawa za Bangi ya India, watu 7, Waingereza 4 na Wahindi 3, chini ya W. Mackworth Young. Walihoji mashahidi 1,193. Ripoti yao ya 1894 ni majuzuu 7 na kurasa zaidi ya 3,000. Watu huikumbuka kwa sababu ilikataa kupendekeza marufuku kamili. Mimi naikumbuka kwa kurasa zinazoeleza jinsi watu walivyokuwa wakikausha.

Kazi ilianza kabla ya mavuno. Mimea ya bangi huwa na dume na jike, na jike likishapata chavua hujaza mbegu na kupunguza utomvu. Kwa hiyo wakulima wa Naogaon walimlipa mtaalamu aliyeitwa poddar apite shambani, aitambue midume kabla haijafungua maua, aivunje. Mtu huyu alisoma mimea kwa jicho, akifanya kazi ambayo leo ingetaka mwanafunzi mwenye lenzi na karatasi ya kumbukumbu. Midume michache ikimponyoka, shamba linajaa mbegu na bei inaanguka.

Mavuno yalikuwa Januari na Februari, kipindi cha baridi na ukavu. Mimea ilikatwa na kupelekwa kwenye uwanja uliosafishwa, uliotengwa kwa kazi hiyo, ulioitwa chator. Ikatandazwa juani. Usiku ikaachwa hapo hapo ipate umande.

Nilipoisoma sehemu hii mara ya kwanza nilishangaa. Unakausha kitu mchana, halafu unakiacha kilowe usiku? Kumbe yeyote aliyewahi kushika tumbaku Urambo au Chunya angenicheka. Jani lililokauka kupita kiasi linavunjika vipande ukiligusa, na mkulima wa tumbaku husubiri linywe unyevu kidogo kutoka hewani, lilainike, ndipo alipange kwa madaraja. Watu wa Naogaon walifanya hivyo kwa umande. Utomvu wa bangi umo kwenye vinyweleo vidogo mno vyenye vichwa vya duara, vinavyosimama juu ya ua jike. Mmea ukikauka sana, vichwa hivyo vinakatika na kudondoka chini kama vumbi, na dawa yenyewe inabaki uwanjani.

Baada ya hapo ilikuja kuchambua. Msomaji wa Unguja au Pemba neno hili analo tayari: karafuu huchambuliwa, zikatengwa na makonyo, kisha zikaanikwa. Naogaon walikata vichwa vya maua kutoka kwenye mashina, wakatupa matawi yasiyo na ua la maana, na majani makubwa yakapukutishwa. Sababu yao ilikuwa soko. Sababu ya kibiolojia ni kwamba majani makubwa yana vinyweleo vichache sana vya utomvu ukilinganisha na ua, kwa hiyo kila jani lililobaki linaongeza uzito bila kuongeza dawa.

Halafu miguu. Kwa ganja bapa, vichwa vilipangwa kwenye duara, ncha zikielekea katikati, na wanaume wakapanda juu, wameshikana mabega, wakazunguka wakikanyaga na kusugua kwa nyayo. Rundo likafunikwa kwa mikeka na kuwekewa mzigo, likafunuliwa, likageuzwa, likakanyagwa tena. Kila safari majani makavu na mbegu zilizopenya zilidondoka, na utomvu ukashikamanisha maua kuwa kitu kimoja bapa. Kwa ganja ya mviringo kazi ilikuwa ngumu zaidi: wafanyakazi walisimama wakishikilia mwanzi uliofungwa mlalo mbele yao, na kila mmoja akaviringisha kijiti kimoja au vichache chini ya wayo mpaka vikawa kama sigara nene. Aina ya tatu iliitwa chur, vipande vilivyokatika kwenye vijiti. Ushuru ulipanda kwa mpangilio huo huo, bapa chini, mviringo katikati, chur juu, kwa sababu kila hatua ilikuwa na kijiti kidogo zaidi na utomvu mwingi zaidi. Karani wa ushuru alikuwa ameshajua kupima ubora kwa kuangalia jinsi kitu kilivyochambuliwa, miaka 70 kabla ya mwanakemia.

Kwa nini wakanyage? Maelezo ya wakati ule ni kushikanisha utomvu na kuondoa majani. Tafsiri yangu, na naisema kama tafsiri, ni kwamba walikuwa pia wanafunga mlango wa hewa. Rundo lililogandamana lina sehemu ndogo inayogusana na oksijeni na mwanga kuliko maua yaliyotawanyika. Kwa nini hilo ni muhimu, tutaliona hivi punde.

Jambo moja zaidi kutoka ghalani. Wafanyabiashara wa ganja walijua kwamba mzigo wa mwaka jana si sawa na wa mwaka huu, na David Prain, mtaalamu wa mimea wa Calcutta aliyeichunguza ganja ya Bengal na kuandika ripoti mwaka 1893, alilikuta jambo hilo hilo: ganja inazeeka, na ikizeeka inapoteza nguvu. Sasa fikiria safari. Mmea unakatwa Februari, unakaushwa, unakaa ghala la serikali, unapelekwa Calcutta, unapanda meli, unafika London, unakaa stoo ya muuza dawa, unakuja kutengenezwa. Chupa mbili zenye lebo moja zinaweza kuwa na umri uliopishana kwa miaka. Daktari wa London alikuwa anatafuta tofauti kwenye mwili wa mgonjwa, wakati tofauti ilikuwa kwenye kalenda.

Wakakamata kitu, kumbe ni kivuli chake

Mwaka 1896 wanakemia watatu wa Cambridge, Wood, Spivey na Easterfield, walitangaza kwamba wamepata kiini cha bangi. Walichemsha charas, wakatoa mafuta mekundu mazito, wakayaita kanabinoli. Dunia ikafurahi. Kwa miaka zaidi ya 30 vitabu viliandika kwamba kanabinoli ndiyo inayolevya.

Ilipofika 1940, Roger Adams wa Illinois na Alexander Todd wa Manchester, kila mmoja na kundi lake, walikuwa wameujua muundo wa kanabinoli na kuitengeneza maabara, safi. Ikawa haina nguvu ya maana. Kile kilicholevya kwenye yale mafuta mekundu kilikuwa kitu kingine kilichochanganyika nayo. Todd aliendelea na mambo mengine na mwaka 1957 akapata Nobel kwa kazi isiyohusu bangi kabisa.

Kanabinoli ilitoka wapi basi? Leo tunajua kwamba mmea mbichi wenye afya karibu hauna. Inatokea pale THC inapokaa na oksijeni, mwanga na muda, ikapoteza hidrojeni kidogo kidogo. Charas iliyouzwa India enzi hizo ilitoka Yarkand, Asia ya Kati, ikapita milima ya Karakoram kwa wanyama wa mizigo mpaka Leh, kisha ikateremka Punjab. Ikifika maabara ya Ulaya imeshakuwa mzee aliyesafiri. Kwa lugha ya msimamizi wangu, wale watatu wa Cambridge kwa sehemu kubwa walichunguza safari.

THC yenyewe ilipatikana 1964, na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, Israel. Mechoulam alipenda kusimulia jinsi alivyopewa na polisi kilo 5 za hashishi ya Lebanon iliyokamatwa mpakani, akapanda nayo basi kurudi Rehovot, na abiria wakaanza kuulizana harufu hii inatoka wapi. Ni hadithi nzuri, na haikumponyoka mwandishi hata mmoja aliyemhoji mpaka alipofariki 2023. Mimi naona jambo la maana zaidi lilitokea mwaka uliofuata, na halisimuliwi kwenye basi lolote.

Mwaka 1965 kundi la Friedhelm Korte, Ujerumani Magharibi, lilionyesha kwamba ndani ya mmea THC haipo kama THC. Ipo kama asidi, THCA, molekuli ile ile ikiwa imebeba kipande cha ziada chenye kaboni na oksijeni. (Wenzao wa Czechoslovakia walikuwa wameona asidi ya namna hiyo kwa CBD miaka 10 nyuma, wakitafuta dawa ya kuua bakteria.) Asidi hiyo hailevyi. Ukiipasha moto, kipande cha ziada kinatoka kama kaboni dioksidi, na kinachobaki ndiyo THC. Uzito wa molekuli unashuka kutoka 358 hadi 314, kwa hiyo gramu 100 za THCA zikigeuka zote zinatoa gramu 87.7 za THC. Ndiyo maana maabara za leo zinazopima bangi ya tiba zinazidisha THCA kwa 0.877 kabla ya kujumlisha.

Ukishalijua hilo, karne nzima inasomeka upya. Mvutaji anapasha moto bila kujua kemia. Bhang ya vinywaji mara nyingi huchemshwa. Na O'Shaughnessy? Alichemsha vichwa vya ganja kwenye spiriti mpaka utomvu ukayeyuka, kisha akaikausha ile spiriti juu ya chungu cha maji yanayochemka. Bila kujua, alikuwa anageuza asidi kuwa THC. Mfamasia mwingine akilowesha ganja ile ile kwenye spiriti baridi anapata chupa yenye rangi ile ile, harufu ile ile, na dawa nyingine. Ukikausha kivulini, asidi nyingi inabaki asidi. Ukianika juani na kulaza kwenye marundo ya joto, sehemu yake inageuka. Ukiweka ghalani miaka, iliyogeuka inaanza kuwa kanabinoli. Vitu vitatu, mmea mmoja, jina moja.

Namba za ghalani

Uzee huo umepimwa. Samir Ross na Mahmoud ElSohly wa Chuo Kikuu cha Mississippi walichapisha mwaka 1999 matokeo ya bangi iliyohifadhiwa kwenye joto la kawaida la chumba: baada ya mwaka mmoja THC ilikuwa imepungua kwa karibu 17%, baada ya miaka miwili 27%, baada ya minne zaidi ya 41%. Kanabinoli ikapanda kadiri THC ilivyoshuka, kiasi kwamba uwiano wa hizo mbili unaweza kutumika kukadiria umri wa sampuli. Miaka 3 kabla yake, watafiti hao hao walikuwa wamepima mafuta yanayonukia. Wiki moja ya kukauka chumbani iliondoa takriban theluthi, na miezi mitatu zaidi ya nusu. Mchaichai wangu ulitikisa kichwa.

Maji nayo yana hesabu yake. Ua bichi lina maji kama 80%. Chukua kilo 1 ya namna hiyo, ina gramu 200 tu za kitu kikavu. Ikikaushwa mpaka maji yabaki 10% inakuwa gramu 222. Sheria inayopima kosa kwa kilo bila kuuliza kilo ya mbichi au ya kavu inaweza kumpa mtu adhabu ya mzigo mara nne na nusu ya alionao. Wanasheria wanaosoma ukurasa huu, hiyo ni ya kwenu.

Kielelezo cha mbali zaidi cha uzee huo kiko jangwani. Katika makaburi ya Yanghai, karibu na Turpan, magharibi ya China, wachimbaji walikuta mtu aliyezikwa na gramu 789 za bangi, ya miaka kama 2,700 iliyopita. Matokeo ya uchunguzi yalichapishwa 2008. Hewa ya pale ni kavu kiasi kwamba mmea ulikuwa bado na rangi ya kijani, vinyweleo vikionekana kwa hadubini. Vijiti vikubwa havikuwemo, na sehemu za mmea dume zilionekana kuondolewa: mtu alikuwa ameichambua, kama poddar na wenzake wa Naogaon walivyokuja kufanya baadaye sana. Mbegu zilipandwa, hazikuota. Kilichobaki kwa wingi kilikuwa kanabinoli, ile ile ya Cambridge.

Ukavu uliihifadhi rangi na umbo, lakini haukuzuia oksijeni. Na ukavu wa kutosha si jambo la kubezwa, kwa sababu upande wa pili kuna ukungu, na huo hauchagui kati ya bangi na chakula. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huko Makueni na Kitui, Kenya, yaliota kuvu wa sumukuvu; waliougua walikuwa 317, na 125 wakafa. Wale mahindi hawakuwa na kosa shambani. Kosa lilitokea baada ya kuvunwa.

Naogaon kwenyewe wakulima waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1917, kikawa tajiri, na kilimo kilipigwa marufuku miaka ya 1980. Kwenye majuzuu yale 7 majina ya maofisa na mashahidi yameorodheshwa vizuri. Waliokanyaga wametajwa kama "wanaume", kwa wingi.

Mimi nilirudia jaribio langu. Safari hii nilianika mchaichai kivulini siku sita, nikiandika saa, nyuzi joto na unyevu wa hewa kila asubuhi na jioni. Mafuta yalipatikana, mengi tu. Sampuli 4 kati ya 36 ziliota ukungu, maana wiki ile mvua haikukatika, na msimamizi akaja kuuliza niliziweka karibu na dirisha lipi.